Nati ya Katikati

Gari la shemeji tulilisikia kabla hatujaliona. Lilinguruma upande mmoja, kama mtu anayeburuta sinia la bati juu ya mawe. Baba alikuwa uani kwenye kiti chake cha chuma, anasugua plagi kwa brashi. Aliinua kichwa, akasikiliza.

"Beringi hiyo," akasema. "Gurudumu la mbele, kushoto. Imekufa."

Dada yangu alikuwa anaanika nguo. Shati alilokuwa ameliinua kwenye kamba alilishusha, akalirudisha kwenye beseni likiwa linachuruzika, akaingia ndani.

Alikuwa amekuja kwetu wiki kadhaa zilizopita, na begi moja, bila mtoto. Alisema amekuja kupumzika. Baba hakumuuliza zaidi, kwa sababu Baba anaamini kwamba nyumba ya watu wawili haichunguliwi dirishani. Shangazi, ambaye ni dada yake Baba na tunakaa naye tangu Mama afariki, yeye aliuliza. Akajibiwa kwamba Dada aliteleza bafuni akaumia mkono. Tangu hapo Dada alivaa nguo za mikono mirefu, hata jua liwe la kukaanga kichwa.

Mimi nalala naye chumba kimoja. Mkono nilikuwa nimeuona. Aliniapisha nisiseme, ingawa kwa mtu kama mimi kiapo ni kazi bure, maana hata bila kiapo sisemi.

Shemeji akashuka na tabasamu lake. Ni mtu mrefu, msafi, anayenukia sabuni hata akitoka safari. Mkononi alishika boksi.

"Shikamoo, baba mkwe!"

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Gari linaumwa hilo."

"Nimekuja kumchukua mke wangu, na gari nalo likaona lisipitwe, likaugua." Akacheka mwenyewe. "Fundi wa kule kaniambia nisithubutu kufika mbali, gurudumu litachomoka njiani. Nikamwambia, mimi nimeoa kwa fundi, wewe unanitisha nini? Nikanunua habu mpya, hii hapa. Nikafunga safari na Mungu wangu, nikaja."

Akanigeukia. "Bubu! Hujambo, Bubu?"

Hilo ndilo jina alilonipa tangu siku ya posa. Nikaitikia kwa kichwa.

"Hajambo," akawaambia watu wote, kama anayetafsiri. "Sasa baba mkwe, naomba tuondoke leo leo, kabla giza halijaingia. Mtoto yuko kwa mama yangu, anamlilia mama yake usiku kucha. Hali, hanywi."

Nikatazama dirisha la chumba chetu. Pazia lilitikisika kidogo, likatulia.

Baba akapangusa mikono. "Gari haliondoki uani kwangu likiwa bovu," akasema. "Mama, lete jeki."

Mama ni mimi. Nimepewa jina la mama yake.

Tukainua gari, tukaliwekea magogo chini lisije likatudondokea, tukatoa gurudumu. Baba akafungua breki na diski, akatoa ile nati kubwa ya katikati inayoshika shafti, aliyoilegeza gari likiwa bado chini, akanilaza chini nikafungua boliti za nyuma. Zilitoka. Kilichobaki ni habu yenyewe, kile kitovu cha chuma chenye beringi ndani, ambacho gurudumu zima hufungwa juu yake. Kwa kawaida ukishafungua boliti, unaigonga pembeni, inatoka. Hii haikutoka. Kutu ilikuwa imeishika na chuma cha nyuma mpaka huoni hii inaishia wapi na kile kinaanzia wapi.

Baba akaigonga. Akaimwagia mafuta ya kulegeza kutu, tukasubiri, akaigonga tena. Nyundo ilirudi juu kama imepiga jiwe.

"Hee," Shangazi akasema kutoka kizingitini, ambako alikuwa anachambua mchele. "Hiyo habu imefunga ndoa na chuma. Haitaki talaka."

"Mpaka kifo kiwatenganishe," shemeji akasema, akacheka.

Shangazi hakucheka. Alirudisha macho kwenye ungo wake.

Mimi nilikuwa nashikilia taa, maana ndani ya tao la gurudumu kuna kiza hata mchana. Na wakati Baba anagonga, nilikuwa naomba. Niliomba habu isitoke. Nilimwambia Mungu wazi kabisa kwamba ikibaki imekwama hadi jua lizame, shemeji atalala, na akilala huenda kutakucha na jambo jingine. Sijui jambo gani. Lakini kila nyundo iliporudi mikono mitupu, nilishukuru.

Tatizo ni kwamba Baba hajawahi kushindwa na chuma, na hakutaka kuanza mbele ya mkwe. Jasho lilimlowesha shati lote. Alileta mtungi wa gesi, akaichoma habu kwa moto mpaka ikabadilika rangi, akaimwagia maji ghafla. Mvuke ukapanda usoni kwetu. Akachukua diski kuukuu, akaifunga kwenye habu kinyumenyume ili apate mahali papana pa kupiga. Akapiga hadi majirani wakachungulia juu ya ukuta.

"Ina kiburi hii," akasema, anahema.

"Kiburi kina dawa yake," shemeji akasema. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mguu juu ya mguu. "Kitu kikikukatalia, usikibembeleze. Kipashe moto. Si unaona? Vyuma na watu ni wamoja."

Baba alidhani ni maneno ya kupitisha wakati.

"Mke wangu!" shemeji akaita kuelekea ndani. "Baba yako anakufa kwa kiu huku! Umelala?"

Dada akatoka na jagi na bilauri. Alitembea akiangalia chini. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda kifupi mbele ya tao la gurudumu, chini kabisa, kwa hiyo Dada alipoinama kumimina maji, Baba alikuwa anatazama juu. Na mkono wa blauzi ulikuwa mpana. Mtu aliyesimama asingeona kitu. Mtu aliyekaa pale chini aliona mpaka kwapani.

Alama ya pasi inajulikana. Ina ncha mbele na inapanuka nyuma, kama mtumbwi. Zilikuwa mbili, moja juu ya nyingine. Hakuna mtu anayeteleza bafuni akaangukia pasi, tena mara mbili.

Baba alikunywa maji yote, polepole. Akairudisha bilauri.

"Ahsante, mama," akamwambia Dada, kwa sauti ndogo. Hilo ni jina langu, hajawahi kumwita Dada hivyo.

Kisha akachukua nyundo, akapiga mara moja tu. Habu ikatoka, ikaanguka chini kati ya miguu yake, nzito, imekufa.

"Aah!" shemeji akaruka kutoka kwenye ndoo. "Baba mkwe, kumbe bado una nguvu!"

"Ninazo," Baba akasema.

Kwa kawaida chuma kikimshinda kisha kikasalimu amri, Baba hukitukana, hucheka, huniita nione. Siku hiyo aliiokota habu mbovu, akaizungusha mkononi ikasaga, akaiweka kando kwa upole kama yai. Akainuka kwenda jikoni kunawa. Mimi nilikuwa huko kuchukua kitambaa cha kusafishia kutu, ndiyo maana niliyasikia maneno yake. Dada alikuwa amesimama karibu na jiko.

"Wewe unabaki," Baba alimwambia. Hakumtazama, alikuwa anatazama povu mikononi mwake. "Huyo ataondoka peke yake. Mtoto tutamfuata. Umenisikia?"

"Nimesikia, Baba."

Nilidhani yameisha. Nilirudi uani nikiwa mwepesi, nikasugua kutu hadi chuma kikang'aa. Baba akaichomeka habu mpya, akafunga boliti, akarudisha diski na breki. Sasa alikuwa anazungumza na shemeji vizuri sana. Alimuuliza habari za biashara yake ya vigae. Alimuuliza barabara ikoje, kama bado ule mteremko mrefu una malori mengi, na kama yeye huushuka kwa kasi.

"Mimi? Naushuka kama maji!" shemeji akasema.

"Ehe," Baba akasema. "Gari jepesi hilo."

Lazima nieleze namna tunavyofanya kazi pale nyumbani. Macho ya Baba si yale ya zamani, kwa hiyo tuna sheria: anayefunga si yeye anayekagua. Yeye akifunga, mimi napita nyuma yake na spana, najaribu kila nati, na iliyokaza naiwekea alama ya chaki. Ile ya katikati ndiyo ya mwisho. Hatuikazi gari likiwa juu, gurudumu litazunguka. Tunarudisha gurudumu, tunashusha gari, ndipo tunavisha spana bomba refu la chuma na mimi napanda juu ya bomba kwa uzito wangu wote mpaka nati ilie. Kisha Baba anagonga ukingo wake kwa patasi ndogo ili isilegee, ninaweka chaki, kifuniko kinarudi. Nati hiyo isipokazwa, gari litaondoka vizuri tu. Litapita mtaa, litashika barabara kubwa. Halafu, mahali fulani, gurudumu litaenda njia yake.

Baba akanyanyua gurudumu, akalipachika. Nikasogea na spana yangu.

"Nenda kamsaidie shangazi yako, mama," akasema.

"Bado sijakagua."

"Leo nitakagua mwenyewe."

Hajawahi kusema hivyo, hata alipokuwa na homa. Nikasimama. Akaniangalia, na macho yake yalikuwa yametulia kabisa, kama ya mtu anayesali. Nikaenda.

Jikoni Shangazi aliniongelesha mambo ya mchele na mawe yake. Mimi nilikuwa nimetega sikio uani. Nikasikia jeki ikishuka. Nikasikia nati za gurudumu zikikazwa, moja baada ya nyingine. Nikasubiri ile sauti ndefu ya nati ya katikati chini ya bomba, na baada yake patasi. Nilichosikia ni maji ya bomba la uani. Baba alikuwa anaosha vyombo vyake vya kazi.

"Mbona umeduwaa wewe?" Shangazi akaniuliza. "Umeona jini?"

Nikatikisa kichwa. Nilijiambia labda sikusikia vizuri. Nilijiambia pia, na hili silifichi, kwamba shemeji anaondoka peke yake.

Kutoka sebuleni nikasikia sauti yake. Alikuwa ameingia kumuaga Dada. Hakupiga kelele, shemeji hapigi kelele. Alikuwa anasema taratibu, kama anayemsomea mtu maelekezo ya dawa. Niliokota neno "mtoto". Nikaokota "hutamwona".

Tulipotoka uani, injini ilikuwa inaunguruma kwa ulaini, gari limepona. Shemeji alikuwa kwenye usukani, kioo kimeshushwa. Na Dada alikuwa anafungua mlango wa upande wa pili, begi mkononi, kitambaa kichwani.

Baba alikuwa anapangusa spana. Ilimponyoka ikaanguka.

"Unakwenda wapi?"

"Nakwenda kwa mtoto, Baba." Akaingia, akafunga mlango.

"Nilikwambia nini mimi?"

"Baba mkwe," shemeji akasema kwa upole, "mambo ya mke na mume. Wewe mwenyewe ndiye uliyenifundisha hivyo."

"Shuka," Baba akamwambia Dada. "Mwanangu, shuka. Leo usisafiri."

"Kwa nini leo?"

Baba alikuwa anazungumza na Dada, lakini macho yake hayakuwa kwa Dada. Yalikuwa chini, kwenye gurudumu la mbele, kushoto. Nikayafuata. Kila nati ilikuwa safi. Hakukuwa na chaki popote, na kifuniko cha katikati kilikuwa kimebandikwa vizuri.

Ndipo nilipojua kwamba sikuwa nimesikia vibaya. Nikangoja Baba aseme. Shangazi alisimama nyuma yangu na ungo wake mtupu. Shemeji akaweka gia. Gari likasogea hatua, jiwe dogo likalia chini ya tairi. Baba hakusema.

Nikaenda nikasimama mbele ya gari.

"Toka, Bubu," shemeji akasema.

"Nati ya katikati haijakazwa."

Sauti yangu ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia. Gari likasimama.

"Ee! Bubu ana ulimi!" Shemeji akacheka, akatoa kichwa dirishani. "Mzee wetu ameanza kusahau, eti? Si kitu, baba mkwe, uzee huo."

Baba akaokota spana yake. Angeweza kuitikia. Neno moja tu, uzee, na sote tungelishika.

"Sijasahau," akasema.

Hakuna aliyecheka tena. Shemeji alizima injini, akashuka, akazunguka mbele, akachuchumaa. Akabandua kifuniko kwa ufunguo. Akaingiza vidole viwili, akazungusha. Nati ikazunguka kwa vidole viwili, laini, kama kizibo cha chupa.

Alipoinuka uso wake ulikuwa mkavu na sabuni yake haikunukia tena. Alimtazama Baba, halafu akaenda kwenye dirisha la Dada, akainama.

"Umeona?" akamwambia. "Umeona anayekupenda? Baba yako angekuzika leo."

Dada alikuwa anamtazama Baba kupitia kioo cha mbele. Nilijua anachotafuta. Alitaka Baba akatae.

"Nilikwambia ubaki," Baba akasema.

Dada akageuza uso. Hakushuka. Alivuta mkanda, akajifunga.

"Maneno haya, mzee," shemeji akasema, "nimeyaweka mahali. Nitayahitaji siku moja." Akanionyesha kidole. "Wewe. Kaza. Na mimi nasimama hapa hapa nakuangalia."

Nikaleta spana na bomba. Nikapanda juu ya bomba, nikashuka, nikapanda tena, hadi nati ikalia sauti yake ndefu na haikusogea zaidi. Nikagonga ukingo kwa patasi, mahali pake. Mikono ilikuwa inafanya yenyewe. Kichwa kilikuwa kwingine. Kilikuwa kinamwona Dada akifika kule, mlango ukifungwa, na shemeji akiwa na maneno ya Baba mfukoni. Hatarudi tena kwetu, akimbilie kwa nani? Kwa mtu aliyelegeza gurudumu? Na sisi hatutathubutu kumfuata.

Shemeji akajaribu nati kwa vidole. Akajaribu kwa spana. Bado hakuridhika. Alilizunguka gari lote, akapiga teke kila tairi. Nikaona mkono wake ukijipangusa kwenye suruali, mara mbili, mara tatu. Alikuwa anaogopa. Nilikuwa sijawahi kumwona anaogopa.

"Habu mpya," nikasema, "nati yake hukazwa mara ya pili."

"Nini?"

"Chuma kikipata moto wa safari kinatanuka. Kabla ya ule mteremko lazima usimame, ikazwe tena. Isipokazwa inalegea."

Haikuwa kweli. Nati iliyogongwa ukingo haikazwi tena, hata mtoto wa fundi anajua. Shemeji akamgeukia Baba, kwa mazoea, kama watu wote wanavyomgeukia Baba jambo la gari likiwa na shaka.

Baba alinitazama.

"Kweli," akasema. "Lazima ikazwe tena. Na asiyejua akiikaza, anaivunja."

"Sasa nani ataikaza huko njiani?"

Nilifungua mlango wa nyuma, nikaingia, nikakaa nyuma ya kiti cha dereva. Nguo zangu zilikuwa na mafuta na miguu yangu haikuwa na viatu. Dada aligeuka, akanitazama kama hanijui.

"Mdogo wangu, unafanya nini?"

"Nakuja kumsalimia mtoto," nikasema. "Tutarudi naye."

Shangazi alikuja mbio na kandambili zake mwenyewe, akanipitishia dirishani. Baba alibaki palepale, karibu na ile habu mbovu, mikono imening'inia.

Shemeji aliwasha gari. Tulitoka getini, tukaingia mtaani. Watu walikuwa wanafunga maduka, jua liko chini ya mabati. Gurudumu halikutoa sauti yoyote. Aliendesha polepole, anasikiliza, na kila tukipita shimo mabega yake yanapanda.

Tulipoingia barabara kubwa aliniangalia kwenye kioo. Macho yake yakashuka mpaka magotini kwangu, yakakaa hapo.

"Bomba umelileta la nini?"

Nililishika vizuri kwa mikono miwili, lisigonge kiti chake.

"Bila bomba haikazwi," nikasema.